Wadai Wakikataa, Korti Ikikubali



Vikundi vyetu vingi huuza maziwa, mboga au mayai kwa mkopo, na malipo huja baadaye. Siku kampuni ikilemewa na madeni, sisi tunakuwa wadai. Je, korti yaweza kutulazimisha kusamehe sehemu ya deni hali tumekataa? Hebu tutazame Uingereza, kwa maana sheria ya Kenya ya kufilisika ya mwaka 2015 ilichota mengi kutoka kwao.

SHERIA YASEMAJE?

Tangu 2020, kampuni ya huko iliyo taabani inaweza kuandika mpango wa kujiokoa. Wadai hugawanywa makundi: wenye dhamana kando, wenye majengo kando, na kadhalika. Kila kundi hupiga kura. Kundi limekubali ikiwa waliosema ndiyo wanadai angalau asilimia 75 ya deni la wote waliopiga kura humo. Kundi likikataa, jaji bado anaweza kuupitisha mpango, kwa masharti mawili:

1. Waliokataa wasipate hasara kubwa kuliko ile ambayo wangepata bila mpango. Tuseme kampuni ikifungwa mngelipwa senti 10 kwa kila shilingi. Mpango ukiwapa senti 12, sharti limetimia.

2. Angalau kundi moja ambalo lingelipwa kitu hata bila mpango liwe limekubali.

Hata hapo jaji halazimiki kukubali. Lazima ajiulize kama mpango ni wa haki.

MAMBO YALIVYOKWENDA

Mwaka 2021 kampuni ya nyumba za mazoezi, Virgin Active, ililemewa na kodi baada ya kufungwa wakati wa Korona. Wakopeshaji wenye dhamana walikubali mpango, lakini wenye majengo wengi walikataa. Walilalamika kwamba wao wanapoteza kodi huku wenye kampuni wakibaki nayo. Jaji aliupitisha. Alisema kwamba wasingepata chochote cha maana kampuni ikianguka, basi si wao wa kuamua faida igawanywe vipi. Tena hawakuleta mtaalamu wao wa kupima thamani ya kampuni.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Julai 2025, Mahakama ya Rufani ilitengua mpango wa kampuni ya mafuta, Petrofac, baada ya kampuni mbili zilizokuwa zikipinga kukata rufani. Majaji walisema haitoshi kumwonyesha mdai kwamba hakuumizwa zaidi. Mpango ukizaa faida mpya, ni lazima waliousukuma waeleze kwa nini wanachukua fungu kubwa hivyo.

TUJIFUNZE NINI?

Kipengele hicho cha 2020 ni cha Uingereza, tusikichukue kama sheria ya hapa. Lakini funzo linatuhusu. Kukataa kwa mdomo tu hakutoshi, kwani korti husikiliza hesabu. Kwa hiyo:

- Wekeni risiti na daftari la kila mzigo mliopeleka.
- Mkiitwa mkutano wa wadai, msikose. Kura isiyopigwa haihesabiwi.
- Ulizeni: tungepata nini kampuni ikifungwa? Na ikipona, nani atakula faida?
- Unganeni na wadai wengine mtafute wakili mmoja, maana wakili ni ghali.

Ya kujadili kikundini: Kampuni inayonunua mazao yetu ikianguka kesho, tuna karatasi gani za kuonyesha deni letu?