Diski Pacha Si Nakala Rudufu

Kifaa cha hifadhi ya mtandao, ambacho mafundi wa kompyuta hukiita NAS, ni kisanduku chenye diski moja au zaidi kinachounganishwa kwa waya na ruta au swichi ya ofisi, ili wafanyakazi wote waweke na kuchukua faili mahali pamoja bila ya kuazimana flashi. Ofisi nyingi ndogo hukinunua kwa kutazama ukubwa wa diski peke yake, ilhali jambo la kuulizwa kwanza ni data ikipotea itarudishwa kutoka wapi, na kazi itasimama kwa muda gani.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kuudhani mfumo wa RAID kuwa ni nakala rudufu. RAID, kama walivyoueleza David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya mwaka 1988, ni utaratibu wa kuzifanya diski kadhaa zitumike kama moja. Katika RAID 1, diski mbili huandikwa kitu kilekile kwa pamoja, kwa hiyo diski mbili za terabaiti 4 hutoa nafasi ya terabaiti 4, wala si 8, na moja ikifa nyingine huendelea na kazi. Hata hivyo, mhasibu akifungua jedwali la mishahara ya Machi, akaandika ya Aprili juu yake na kulihifadhi kwa jina lilelile, diski zote mbili hulipokea kosa hilo papo hapo, na Machi inakuwa imekwenda. Programu za kudai fidia, zinazogeuza faili kuwa mafumbo yasiyosomeka mpaka mwenyewe alipe, nazo hazizuiwi na diski pacha. Mwaka 2022 programu iitwayo DeadBolt ilivilenga hasa vifaa vya NAS vya QNAP vilivyokuwa vikifikika kutoka kwenye intaneti.

Kwa sababu hiyo, kifaa kinachofaa ni kile kinachoweza kutunza kumbukumbu ya faili zilivyokuwa saa fulani, ambayo haichukui nafasi kubwa kwa kuwa hutunza mabadiliko tu. Lakini kumbukumbu hiyo nayo imo kisandukuni, na mwizi hubeba kisanduku kizima. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ya watu kumi, diski mbili za nje zilizofungwa kwa nywila, zinazopokezana kila Ijumaa, moja ikitoka na meneja, zinatosha kabisa. Nakala ya nje ya jengo ikiwekwa kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, huchelewa: kupeleka terabaiti 1 huko kwa laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa, wakati ndani ya ofisi, kwa waya wa gigabiti 1, kazi hiyohiyo huweza kwisha kwa saa mbili na nusu hivi.

Diski zenyewe zichunguzwe, kwani zipo zinazopandanisha njia za maandishi kama vigae vya paa, nazo huzorota sana RAID inapojengwa upya baada ya diski iliyokufa kubadilishwa; mwaka 2020 ilibainika kuwa baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya NAS zilikuwa za namna hiyo bila ya mnunuzi kuelezwa. Umeme unapokatika mara kwa mara, UPS, yaani kifaa cha betri ya akiba, si pambo, na iwe ile inayounganishwa na NAS kwa waya wa USB, ili kifaa kijizime chenyewe kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Mwisho ni jaribio ambalo karibu kila ofisi huliahirisha, nalo ni kuchagua faili moja kila baada ya miezi mitatu na kuirudisha kutoka kwenye diski ya nje, saa ikiwa mkononi. Ni katika jaribio hilo ambapo hugundulika kuwa diski ilijaa tangu zamani na nakala zikakoma kimyakimya, au kuwa nywila ya kuifungulia aliijua mtu mmoja tu, ambaye amekwisha kuacha kazi.