Hukumu ya Sarafu Iliyookotwa Ufukweni

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye hazina za mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo twakusudia kueleza mas'ala ambayo kwa juu juu huonekana madogo, nayo ni hukumu ya sarafu za kale zinazookotwa ufukweni. Katika mwambao wetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, bahari imekula kingo za miji ya kale. Maji yakikupwa baada ya pepo kali, huonekana mchangani vigae, shanga, na pengine sarafu. Zamani aliyeviona alikuwa mvuvi, au mtoto aliyekwenda kuokota chaza. Siku hizi wapo waendao kwa makusudi, mkononi wana mashine ya kutafutia madini. Nao vijana huuliza: Je, kilichoonekana si cha aliyekiona?

Kwanza tuifahamu mashine yenyewe. Ina mpini mrefu, na chini yake duara la waya. Umeme upitao katika waya huo hufanya nguvu ya sumaku iingiayo mchangani. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha shaba, fedha au chuma, huamsha ndani yake umeme kidogo, na huo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa mlio. Hata mchanga uliolowa maji ya chumvi huikanganya, kwa kuwa nao hupitisha umeme. Basi mashine hulia kwa kizibo cha soda kama iliavyo kwa dinari. Yajua kwamba pana kitu. Haijui kitu hicho ni cha nani. Hilo la pili ndilo tunaloulizwa na sharia.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuta tende moja imeanguka njiani, akasema kuwa lau si kuchelea isije ikawa ni ya sadaka, angeila. Tazameni, tende moja! Ikiwa mbora wa viumbe alisita mbele ya tende, sisi tutapitaje mbele ya fedha na dhahabu bila ya kuuliza?

Wanazuoni wetu wametenganisha mambo matatu, na ni wajibu tuyajue.

La kwanza ni kile kitolewacho na bahari yenyewe, kama lulu na ambari, ambacho hakijapata kumilikiwa na mtu. Hicho ni cha aliyekipata. Lakini sarafu haikuota baharini. Imepigwa kwa mkono wa mwanadamu, na ilikuwa na mwenyewe.

La pili ni lukata, yaani mali ya mtu iliyompotea. Pete ya arusi iliyomchopoka muogaji jana ni lukata, na saa ya mkononi ni lukata. Mafunzo ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba mwokotaji akitambue vyema chombo chake na kifungo chake, kisha aitangaze muda wa mwaka mmoja mahali wakusanyikapo watu. Katika kutangaza asiziseme sifa zote, ili mwongo asipate njia ya kudai; aache mwenyewe azitaje. Mwaka ukipita bila ya mwenyewe kutokea, ana ruhusa ya kuitumia, lakini akija mwenyewe baadaye, itampasa amlipe.

La tatu ni rikazi, yaani hazina iliyozikwa na watu wa kabla ya Uislamu. Katika hiyo hutolewa khumsi, sehemu moja katika tano, papo hapo bila ya kungoja mwaka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, rikazi ni ya dhahabu au fedha, na sharti ifikie kiwango cha zaka, ambacho ni kiasi cha gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Tena iwe imepatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe. Ikipatikana msikitini au katika njia ya watu, huhesabiwa kuwa ni lukata.

Sasa tuitazame sarafu ya mwambao wetu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, na nyingi ni za shaba. Upande mmoja pana jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan; upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa yaoane kwa vina na jina hilo. Sarafu hii si rikazi, kwa sababu mbili: imepigwa na Waislamu, na tena ni shaba. Basi asije mtu akadhani kwamba akitoa moja katika tano, nne zimekuwa halali yake.

Mtu atasema: Mwenyewe amekufa tangu karne nyingi, nitamtangazia nani? Hili ni swali la haki. Wako wanazuoni waliosema hukumu yake ni ya lukata vile vile. Na wako waliosema kuwa mali ambayo mwenyewe hatarajiwi tena ni mali iliyopotea, huhifadhiwa na kiongozi kwa maslahi ya wote. Kwa sarafu hizi, sisi twaona kauli hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na amana, tena inaafikiana na sheria za nchi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hairuhusu kuchimba pasipo leseni. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi. Kuzitii sheria hizi hakumo katika maasi. Ni katika kutimiza ahadi.

Tena kuna hasara isiyoonekana kwa macho. Thamani kubwa ya sarafu ya kale imo katika mahali ilipolala. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Kwa kuwa zilikutwa pamoja na zikaandikwa moja moja, tumejua majina ya watawala wa Kiislamu wa mwambao huu waliokuwa wakipiga fedha yapata miaka elfu iliyopita. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule aliyetembelewa Kilwa na Ibn Battuta mwaka 1331. Sarafu hiyo moja ni shahidi wa biashara baina ya bara na pwani. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Zilikaa mpaka mwaka 1979 ndipo zikapelekwa kutambuliwa, na hata leo haijulikani kwa yakini zilifikaje. Lau zingeyeyushwa au kuuzwa kichochoroni, hata swali lenyewe lisingekuwapo.

Basi anayeing'oa sarafu gizani na kumwuzia mlanguzi amemnyamazisha shahidi. Amechukua bei ya siku moja, amewanyima watoto wetu habari za wazee wao. Na mara nyingi, ndugu zangu, mashine hulia kandoni mwa misikiti iliyoanguka na makaburi ya Waislamu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Ni sarafu gani iwezayo kulipa dhambi hiyo?

Hatuna budi pia kuonya juu ya biashara ya rupia. Wapo watu waliouza ng'ombe na mashamba kwa kuambiwa kwamba rupia ya Mjerumani ina thamani ya mamilioni, au kwamba pana hazina imezikwa na inalindwa na majini, yataka kafara. Ni kweli Wajerumani walipiga rupia, hata za dhahabu huko Tabora mwaka 1916. Lakini hiyo ni fedha ya juzi. Aliyeiokota ameokota lukata. Na anayedai kafara kwa ajili ya hazina ni mwizi wa mali na mwizi wa imani.

Kwa ufupi, ewe Mwislamu, ukiiona sarafu ya kale ufukweni, usichimbe zaidi, wala usiisugue. Weka alama ya mahali hapo, uwaite mashahidi, kisha ukatoe habari kwa serikali ya mtaa, makumbusho au ofisi ya mambo ya kale. Ukiona pete au mkufu wa leo, tangaza. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na kitu mkononi, msimwulize kwanza kitauzwa bei gani. Mwulizeni amekitoa wapi, na ni cha nani.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe. Waliokufa nao wana amana zao kwetu. Twamwomba atukinaishe kwa halali yake, na aihifadhi mikono yetu isichukue kisicho chetu. Amin.