UFAFANUZI: KICHUJIO CHA PAKITI KINAPOONESHA SIFURI

Maafisa wanaosimamia mitandao ya kompyuta katika Wizara na Idara za Serikali, pamoja na wananchi wenye mitandao yao, wanapewa ufafanuzi ufuatao.

Hutokea mtandao ukasita, afisa akafungua programu ya tcpdump atazame pakiti zinazopita, akaweka kichujio cha anuani ya kompyuta moja, na skrini ikabaki tupu. Mara huandikwa ripoti kuwa waya umekufa, na maombi ya kununua vifaa yakafuata. Sifuri hiyo si ushahidi wa kutosha. Huenda pakiti zinapita, ila kichujio kinatazama pasipo mahali pake.

Waya mmoja huweza kubeba mitandao kadhaa iliyotenganishwa kwa namba, kuanzia 1 hadi 4094, kwa kanuni ya 802.1Q iliyotolewa mwaka 1998. Kila fremu hutiwa lebo ya baiti 4, baada ya anuani ya mtumaji na kabla ya alama ya aina ya ujumbe. Kichujio kisemacho host 10.1.20.5 huitafuta alama hiyo mahali pake pa kawaida. Kikikuta lebo, huiacha fremu nzima. Kwa hiyo juu ya mlango wenyewe, eth0, iandikwe vlan 20 and host 10.1.20.5. Juu ya mlango pepe, eth0.20, lebo imekwisha kuvuliwa, na huko neno vlan ndilo linaloharibu.

Mpangilio nao una hukumu yake. Neno vlan husogeza hesabu ya baiti kwa maneno yote yanayolifuata; basi mwenye kutaka fremu za aina zote mbili atangulize sharti lisilo na vlan, na lenye vlan liwe mwisho, ndani ya mabano.

Linalotatanisha zaidi ni kadi zinazovua lebo zenyewe. Katika Linux, kichujio cha host pekee huweza kunasa vizuri, kisha faili lile lile likisomwa baadaye kisitoe kitu, kwa kuwa lebo imerudishwa ndani ya faili.

Kabla ya ripoti, afisa aondoe kichujio na kunasa pakiti 20 tu: tcpdump -i eth0 -e -n -c 20. Herufi e huonesha lebo. Hapo pia pakiwa patupu, ndipo waya na swichi zikaguliwe.

Kunasa kufanywe kwa idhini ya mkuu wa taasisi, na faili lifutwe kazi ikimalizika, kwani huweza kubeba siri za watu.