Ukuta Kwanza, Samasoti Baadaye

Februari 2024, Watanzania wawili, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wanaofahamika kama Ramadhani Brothers, walitwaa ubingwa wa America's Got Talent: Fantasy League nchini Marekani. Onyesho lao linasisimua hata kwa aliyeliona mara nyingi. Mmoja anasimama, mwenzake anakaa juu yake kichwa kwa kichwa, miguu hewani, hakuna anayemshika mwenzake, kisha wa chini anaanza kupanda ngazi. Kijana mwenye damu ya moto akiitazama video hiyo mara mbili tu, hachelewi kutoka kwenda uani kujaribu.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu katika video ile mambo muhimu hayaonekani. Wa juu amenyooka: vidole vya miguu, magoti, nyonga, mabega na kichwa vyote vimepangika katika mstari mmoja. Nyonga zikitoka nje ya mstari huo, uzito unaondoka juu ya kichwa kinachoubeba na shingo ya wa chini ndiyo inayolipa. Mwili haunyooki hivyo kwa ujasiri. Unafundishwa, na mafunzo yake huanzia sakafuni.

Zoezi lenyewe halina mvuto wowote wa kupigwa picha. Mtu analala chali na kuugandamiza mgongo wa chini sakafuni mpaka pasibaki upenyo wa kupitisha kiganja. Kisha anainua mabega na miguu kidogo, mikono ikiwa imenyooshwa sambamba na masikio, na mwili unapata umbo la dau. Abaki hivyo sekunde 20. Wanaume wenye vifua vipana, wanaopiga pushapu 50 bila kuhema, huanza kutetemeka kabla ya hapo na mgongo unanyanyuka. Ukinyanyuka, seti imekwisha. Sekunde zinazofuata ni za kujidanganya. Asiyeweza na akunje magoti, kwa sababu mgongo uliotulia ndio unaotafutwa, na kunyoosha miguu kutakuja kwenyewe.

Umbo hilohilo linarudi kila mahali: kwenye pete, kwenye bomba, katika kusimama kwa mikono. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, Kaylia Nemour wa Algeria alipata alama 15.700 kwenye vyuma vya juu na chini, akawa mwanajimnastiki wa kwanza kushindania nchi ya Afrika na kupata dhahabu ya Olimpiki. Macho ya watazamaji yalifuata alivyokuwa akiruka kutoka chuma kimoja hadi kingine. Majaji walikuwa na kazi nyingine pia: katika chombo hicho, mchezaji anapojisukuma hadi kusimama kwa mikono juu ya chuma, akipungukiwa na zaidi ya digrii 10 kufikia wima, alama hukatwa. Yaani hata katika kilele cha mchezo, mstari wa mwili bado unapimwa.

Baada ya sakafu, ukuta. Wanaoanza wengi huupa ukuta mgongo, wakirusha miguu juu hadi visigino vigonge. Mwili unapinda kama ndizi na mazoea hayo huwa magumu kuyatoa. Heri kuukabili ukuta kwa kifua: mtu anaweka viganja chini, anapandisha miguu ukutani hatua kwa hatua, kisha anasogeza mikono karibu na ukuta kadiri anavyoweza kurudi kwa usalama. Viwiko vimefungwa, mabega yamesukumwa juu mpaka yakaribie masikio, mbavu zimerudishwa ndani, matako yamekazwa. Vidole navyo vina kazi yao. Mwili ukielemea upande wa mgongo, vidole vinakandamiza ardhi. Ukirudi upande wa tumbo, uzito unahamia kwenye kitako cha kiganja. Ndivyo mwili unavyotunza mizani pale ukuta utakapoondolewa.

Pwani yetu ina historia ya mafunzo haya. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi, na waliporudi kikaundwa kikundi cha taifa cha fani hiyo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, sarakasi ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Katika shule za sarakasi za China, kusimama kwa mikono ni msingi, pamoja na kunyumbulisha viungo, kubiringika na kucheza ngoma. Mwanafunzi hukaa kichwa chini muda mrefu kabla hajaruhusiwa kupanda juu ya kiti wala mtu.

Nguvu nazo zina hesabu yake. Anayenyanyua vyuma huongeza kilo. Anayetumia mwili wake hurefusha wenzo. Chukua zoezi la kuulaza mwili hewani sambamba na ardhi, viganja tu vikigusa chini. Kijana wa kilo 60 ana kilo zilezile akikunja magoti kifuani au akinyoosha miguu yote. Kinachobadilika ni umbali wa uzito huo kutoka mabegani. Kwa hiyo huanza na magoti yaliyokunjwa, kisha hufungua mgongo, kisha hutanua miguu, na mwisho huiunganisha. Kila hatua inaweza kula miezi. Wenye haraka huruka hatua kwa kukunja viwiko, nalo linakuwa zoezi jingine kabisa, hata kama picha inapendeza.

Asiyeweza kujivuta kwenye bomba hata mara moja naye ana pa kuanzia. Apande kwenye kiti mpaka kidevu kivuke bomba, kisha ajishushe taratibu kwa sekunde tano. Msuli unaorefuka huku ukibeba mzigo huhimili uzito mkubwa kuliko unapojikunja, hivyo anayeshuka vizuri leo anajitengenezea nguvu za kupanda. Siku tatu za tizi kwa wiki, na mapumziko ya dakika mbili au tatu kati ya seti, zinamtosha anayeanza.

Wengi huumia wakati ule wanapojiona wameiva. Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka, hasa kwa sababu neva zimejifunza kuiamsha misuli mingi kwa pamoja. Kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa hazina kasi hiyo. Zina mishipa michache ya damu na hukomaa polepole. Msuli unasema twende, kano haijawa tayari, na kiwiko kinaanza kuuma. Kifundo cha mkono kina shida zaidi, maana kazi yake ya kila siku si kubeba mwili mzima kikiwa kimepinda. Kabla ya kila kipindi cha mazoezi kinahitaji dakika tano: mtu apige magoti, aweke viganja chini na kuyumba mbele na nyuma, vidole vikielekezwa mbele, pembeni, kisha kwake mwenyewe.

Kwa mtoto jambo hili ni zito zaidi. Ncha za mifupa yake bado zinakua, na zile za karibu na kifundo cha mkono zinaweza kuumizwa na mizigo ya kurudiarudia. Maumivu yanayobaki siku kadhaa ni ya kupelekwa kwa daktari. Yasizimwe kwa dawa ya kuchua ili mtoto arudi uwanjani kesho yake.

Mzazi anayetaka kumwandikisha mwanawe na aende kwanza atazame kipindi kizima. Aangalie kama kuna magodoro, kama watoto wanapasha viganja moto, kama muda mwingi unatumika sakafuni na ukutani. Kisha amuulize kocha mtoto atapiga samasoti lini. Akijibiwa kwamba ni wiki hiyohiyo ya kwanza, atafute kocha mwingine.