Kamoya Kimeu na Suala la Shahada

Aghalabu asiye na shahada huhesabiwa kuwa mgeni katika akiolojia na taaluma za visukuku zinazopakana nayo. Kamoya Kimeu, ambaye elimu yake iliishia shule ya msingi, anaitia dhana hiyo mashakani. Mnamo Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, ndiye aliyekitambua kipande kidogo cha fuvu ambacho rangi yake haikutofautiana sana na changarawe iliyokizunguka. Kipande hicho kiliwafikisha wachimbaji kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi takribani miaka 1,500,000 iliyopita.

Jicho la aina hiyo halifunzwi darasani. Lilinolewa na jua na miaka mingi ya kutembea ameinama. Ni kweli kwamba jicho pekee halitoshi. Kukadiria umri wa mifupa kwa kuchunguza tabaka za majivu ya volkano ni kazi ya mwanajiolojia aliyesomea fani yake, na hapo shahada ina uzito wake.

Hata hivyo, makala ya kisayansi iliyoutangaza ugunduzi huo mwaka 1985 ilikuwa na waandishi wanne, na Kamoya hakuwemo. Mmoja wa wanne hao, Richard Leakey, naye hakuwahi kuhitimu chuo kikuu! Je, ni shahada kweli iliyowatenganisha wawili hawa?

Kamoya alitunukiwa udaktari wa heshima na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, mwaka 2021. Alifariki mwaka uliofuata.