Muuguzi anapogeuka ndugu wa mgonjwa

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki na Kati, mgonjwa halazwi peke yake. Yuko ndugu anayemletea uji, mwingine anayemfulia na kumgeuza ubavu, na mwingine anayelala sakafuni kando ya kitanda chake.

Wodi ya kutengwa huyaondoa yote hayo kwa siku moja. Mgonjwa wa Ebola hubaki na watu wachache tu wanaoruhusiwa kumgusa, na aliye karibu naye zaidi ni muuguzi. Yeye ndiye anayemlisha, anayemsafisha na kumpelekea salamu za nyumbani.

Uso uliofichwa

Hata hivyo, muuguzi huyo huingia akiwa amefunikwa utosi hadi nyayo: ovaroli, aproni, glavu mbili mbili, barakoa na miwani. Joto ndani ya mavazi hayo ni kali, na kwa kawaida hawezi kukaa humo zaidi ya saa moja hivi.

Mgonjwa huyaona macho tu, nayo pengine kwa ukungu wa jasho. Hajui iwapo anayemnywesha maji leo ndiye aliyemnywesha jana.

Ndiyo maana wahudumu wengi huandika majina yao kifuani kwa wino mzito. Nchini Liberia, mwaka 2015, msanii wa Marekani Mary Beth Heffernan alianzisha utaratibu wa kubandika picha ya mhudumu juu ya mavazi yake ya kujikinga. Utaratibu huo ulitumika pia nchini Marekani mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19.

Funzo la Kongo

Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uliua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Baadhi ya vituo vya tiba vilishambuliwa, na wagonjwa wengi walijificha majumbani wakiamini kwamba aingiaye huko hatoki hai.

Mjini Beni vilitumika vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili jamaa waweze kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Watu waliopona, ambao miili yao ilikuwa imejijengea kinga, waliajiriwa kuwalea watoto waliotengwa na mama zao na kuwafariji wagonjwa. Neno la mtu aliyewahi kulazwa humo lilikuwa na uzito wa pekee.

Gharama yake

Ukaribu huo haukosi hatari. Uganda ilipokumbwa na Ebola mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 wakafariki. Hospitali ya Lacor, mjini Gulu, ilipoteza wauguzi wake kadhaa, na kiongozi wao, Dkt Matthew Lukwiya, alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Lakini pasipo imani hiyo tiba hukwama. Mgonjwa anayemwamini muuguzi hunywa maji hata kama hana hamu, huyataja maumivu yake mapema, na huwa tayari kueleza amekutana na nani.

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa mbili za Ebola ya aina ya Zaire, nazo hufaa zaidi mgonjwa akiwahi. Na huwahi yule aliyesikia kutoka kwa jirani aliyepona kwamba ndani ya wodi ile yupo mtu atakayemwita kwa jina lake.