Kaskazini Si Juu: Maneno ya Jiografia kwa Watoto Wadogo Nyumbani

Mtoto wa miaka minne aonyeshwapo ramani ya Afrika ukutani huweza kuuliza swali ambalo mzazi hakulitarajia: maji ya Mto Nile, yatokayo Ziwa Viktoria huko Jinja na kumwagika katika Bahari ya Kati, yanapandaje mlima?

Swali hilo si la kipuuzi. Asili yake ni matumizi mabaya ya maneno, na kosa ni letu sisi watu wazima. Tumezoea kusema "juu" tukikusudia kaskazini, na "chini" tukikusudia kusini. Lakini mtoto huyajua maneno hayo kwa mwili wake: juu ni kwenye tawi la mwembe, chini ni sakafuni. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, humzidishia kosa, maana uko kaskazini mwa Tanzania na uko juu kweli kweli. Heri atajiwe pia Mlima Rungwe, ulio kusini na unaokaribia mita 3,000.

Lugha yetu ina msaada wa kutosha katika jambo hili. Kaskazini na kusini ni maneno yenye uhusiano na pepo mbili: kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi, na kusi, uvumao katikati ya mwaka. Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, yakiwa na maana ya mahali pa kuchomoza jua na mahali pa kuchwea. Na mtoto wa Kiislamu hulisikia neno magharibi kila jioni katika jina la sala. Basi mzazi wa Pwani na aanze na upepo. Yule wa Tabora, ambaye kwake kusi na kaskazi ni majina tu, na aanze na jua. Hata hivyo asimwambie mwanawe kuwa jua hutoka baharini. Hiyo ni kweli ya Dar es Salaam. Mtoto wa Kigoma huliona likizama upande wa ziwa.

Tunapenda kuwatahadharisha wafasiri hasa. Vitabu vya Ulaya hufundisha kuwa saa sita mchana jua huwa kusini, na kivuli huelekea kaskazini. Huko ni sahihi. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa kaskazini na kivuli huangukia kusini. Desemba mambo hugeuka. Kuifasiri sentensi hiyo neno kwa neno ni kumpoteza mtoto akiwa uani kwao.

Kwa hiyo ramani iteremshwe ukutani, itandazwe mkekani, na upande wake wa kaskazini uelekezwe kaskazini yenyewe. Kabla ya hapo mtoto achore chumba alalamo. Akiweza kuonyesha mlango ulipo katika mchoro wake, ameifahamu ramani kuliko yule akaririye majina ya miji mikuu.

Istilahi "tufe" yaweza kusubiri, chungwa latosha. Neno gumu zaidi ni "dunia", kwani mtoto amekwisha kusikia kuwa babu "ameaga dunia", na huenda akashangaa babu alilipungia mkono chungwa gani. Mzazi aseme "dunia hii tunayoikanyaga", huku akipiga mguu chini.